Kubisha: Habari za Vyombo vya Tanga na Upepo wa Omo

Katika lugha ya mabaharia wa pwani neno "kubisha" lina maana yake makhsusi. Si kubisha hodi mlangoni, wala si kubishana kwa maneno barazani. Chombo kikibisha, maana yake ni kwamba upepo watoka kule kule ambako nahodha ataka kwenda, naye hana budi kwenda mshazari, mara upande huu mara upande huu, akipanda kidogo kidogo hata afike. Upepo huo unaokikabili chombo usoni huitwa upepo wa omo, kwa kuwa omo ndiyo sehemu ya mbele. Na ule utokao nyuma huitwa upepo wa tezi. Kwenda kwa upepo wa tezi si kazi kubwa, hata gogo huelea likasukumwa. Lakini kwenda kwa upepo wa omo ni elimu, na elimu hiyo imewachukua wanadamu karne nyingi kuipata.

Habari hii inastahili kuwekwa katika kitabu cha ukumbusho cha Waislamu wa kando ya Ziwa Tanganyika, kwa sababu wazee waliowatangulia walifikiwa na biashara na dini kwa mikono ya watu wa pwani, na pwani yenyewe ilifikiwa kwa vyombo vya tanga. Tena kuna maneno mawili yasemwayo sana barazani, na yote mawili yataka kusahihishwa. La kwanza ni la wenye kujivuna, wasemao kwamba tanga la pembe tatu lilibuniwa na Waarabu peke yao, na kwamba tanga hilo ndilo lililowafundisha walimwengu wote kwenda kinyume cha upepo. La pili ni la wenye kudharau, wasemao kwamba majahazi ya zamani yalikuwa kama jani juu ya maji, hayakujua ila kupelekwa na msimu. Tarikhi haikubaliani na hawa wala haikubaliani na wale.

MAHUJAJI WA AIDHAB

Mwaka 1183, yaani mwaka 579 wa Hijria, msafiri wa Andalusi aitwaye Ibn Jubayr alivuka Bahari ya Sham kutoka bandari ya Aidhab, iliyokuwa upande wa Afrika, kwenda Jidda. Ameandika habari za vyombo alivyovikuta huko. Vilikuwa vyombo vya mbao zilizoshonwa kwa kamba za kumbi, bila msumari hata mmoja, na matanga yake yalisukwa kwa majani ya mti wa jamii ya mkoche. Aliwalaumu sana wenye vyombo, maana waliwajaza mahujaji kupita kiasi, wakitazama nauli wasitazame roho za watu.

Lakini jambo kubwa katika habari zake ni lile la marejeo. Katika nusu ya kaskazini ya bahari hiyo upepo huvuma kutoka kaskazini karibu mwaka mzima. Aidhab ilikuwa ng'ambo ya Jidda, kaskazini kidogo tu. Basi mahujaji waliotoka Jidda kurudi Aidhab hawakutakiwa kuupanda upepo moja kwa moja. Walitakiwa kuvuka tu, na kupanda kidogo. Hata hilo likawashinda. Mara nyingi vyombo viliserereka vikatupwa kwenye magati ya jangwani, mbali kusini ya Aidhab. Huko mahujaji walikodi ngamia wa Wabeja, wakashika njia isiyo na maji, na wengi wao wakafa kwa kiu baada ya kwisha kutimiza faradhi yao.

Hapo ndipo msomaji aweza kuona kwamba kwenda kinyume cha upepo hakukuwa mchezo wala fahari ya mabaharia. Chombo kilichoshindwa kupanda maili 50 kiliweza kuwapoteza watu wote waliomo. Na kwa sababu hiyo hiyo merikebu kubwa zilizotoka Bara Hindi na Yemen zilikuwa zikikomea Jidda, na mali ikahamishiwa vyombo vingine au ngamia, maana kuupanda upepo wa kaskazini kutoka Jidda mpaka Misri ilikuwa taabu na hatari.

ELIMU YA KUNGOJA

Katika bahari ya Hindi Mwenyezi Mungu ameweka pepo mbili zinazopokezana. Kaskazi huvuma tangu Desemba mpaka Machi, na kusi huingia Aprili, hupata nguvu katikati ya mwaka, kisha hulegea kuelekea Oktoba. Kwa hiyo maarifa ya kwanza ya watu wa bahari hii juu ya upepo wa omo yalikuwa kuuepuka. Majahazi ya Uarabuni, ya Ghuba na ya Bara Hindi yaliteremka kwa kaskazi, yakauza na kununua, kisha yakarudi kwa kusi. Al-Masudi alipita njia hiyo alipotoka Kanbalu katika nchi ya Zenji kurudi Oman mwaka 304 wa Hijria, yaani 916 au 917. Miezi ya kungoja ndiyo iliyowafanya wageni wakae, wakajenga, wakaoa na kusoma pamoja na wenyeji. Hivyo mtu aweza kusema kwamba miji ya pwani, pamoja na sababu nyingine, ilinufaika na udhaifu wa vyombo. Kama vingeweza kurudi siku yoyote, wageni wasingalikaa.

Wenye kudharau hudhani kwamba kungoja huku ni ujinga. Jawabu lao limo katika safari ya Vasco da Gama. Alipofika Malindi mwaka 1498 alipewa rubani ajuaye bahari, wakang'oa nanga tarehe 24 Aprili, kusi ilipokuwa imeanza, na baada ya siku 23 hivi wakaiona Bara Hindi. Katika marejeo hakungoja. Aliondoka pwani ya Bara Hindi mwanzoni mwa Oktoba mwaka huo huo, kaskazi haijatulia, akakutana na shwari na pepo za omo. Njia ile ile iliyochukua siku 23 sasa ikachukua karibu miezi mitatu. Watu wake 30 hivi walikufa kwa ugonjwa wa fizi, na waliobaki na nguvu za kufanya kazi walikuwa saba au wanane tu katika kila merikebu. Walipofika Malindi Januari 1499 hawakuwa na watu wa kutosha kuendesha merikebu tatu, ikawalazimu kuichoma moto moja, São Rafael. Naye huyu alikuwa na merikebu zilizotoka upande mwingine wa dunia, zenye matanga ya mraba na moja la pembe tatu nyuma. Kwa hiyo aliyejua siku ya kuondoka alimshinda aliyekuwa na merikebu kubwa.

Na hapa yapasa jambo moja lisemwe kwa insafu. Imeenea sana kwamba rubani yule wa Malindi alikuwa Ahmad bin Majid wa Julfar, mwanachuoni mkubwa wa bahari, aliyetunga kitabu cha Al-Fawaid karibu na mwaka 1490. Habari hii ilitoka kwa mwandishi wa Makka wa karne ya 16, Qutb al-Din al-Nahrawali, aliyeandika miaka mingi baada ya tukio. Waandishi wa Kireno wamemtaja rubani kuwa Mgujarati, na wataalamu wengi wa leo hawakubali kwamba alikuwa Ibn Majid. Heshima ya Ibn Majid haipungui kwa hilo, kwani yatokana na vitabu vyake.

HESABU YA NJIA

Ili msomaji apime faida ya chombo kipandacho vizuri, ni vema atazame hesabu. Dira ya mabaharia, ya Waarabu na ya Wazungu pia, imegawanywa pande 32, na kila upande ni digrii 11 na robo. Hakuna chombo cha tanga kiwezacho kwenda kwa kuutazama upepo uso kwa uso. Kila kimoja kina mpaka wake. Merikebu ya matanga ya mraba iliweza kuukaribia upepo kwa pande sita. Jahazi zuri katika maji matulivu laweza kufika karibu na pande tano. Mashua za mashindano za zama hizi hufika pande nne, na nyingine hupita hapo.

Tofauti ya upande mmoja yaonekana ndogo, lakini sivyo. Tuseme bandari iko maili 100, na upepo watoka huko huko. Chombo cha pande nne kitakwenda maili 141 kwa mshazari hata kifike. Cha pande tano kitakwenda maili 180. Cha pande sita kitakwenda maili 261. Na cha pande saba kitakwenda maili 513.

Sasa lizingatiwe hili. Chombo kinapobisha hakiendi tu mbele. Huku kinakwenda na huku kinaserereka upande wa demani, yaani upande uliokingwa na upepo. Kikiserereka kiasi cha upande mmoja tu wa dira, basi yule wa pande sita amekuwa wa pande saba, na maili zake 261 zimekuwa 513. Omo bado yaelekea pale pale, mabaharia wanaona wanapanda, na tanga limejaa. Lakini nusu ya kazi yao inapotelea chini ya maji. Ndiyo maana nahodha mzoefu hatosheki kutazama omo. Hugeuka akatazama tezi, auone mkondo ulioachwa na chombo juu ya maji. Mkondo ukinyoka nyuma, chombo ni cha kweli. Ukikata kuelekea joshini, upande utokako upepo, chombo kinashuka.

HABARI YA TANGA

Tanga linapokwenda na upepo wa tezi husukumwa tu, kama mtu asukumwavyo mgongoni. Linapobisha kazi yake ni nyingine. Upepo hupita pande zake mbili, ukapindishwa na ule mviringo wake, kama upitavyo katika bawa la ndege, na tanga huvutwa kuelekea mbele na kuelekea ubavuni kwa pamoja. Maji nayo hushika ubavu wa chombo chini yasikiache kiende upande. Chombo hubanwa baina ya upepo na maji, kikaponyoka kwenda mbele, kama mbegu ya chungwa ibanwavyo kwa vidole viwili. Kwa hiyo mambo yatakikanayo ni mawili, si moja: tanga la kuvuta na mwili wa chombo wa kushika maji. Likikosekana mojawapo, la pili halifai kitu.

Ama asili ya tanga la pembe tatu, wenye kujivuna wamekosea. Michoro ya kale ya Bahari ya Rum, ndiyo Mediterania, yaonyesha tanga la namna hiyo tangu karne ya 2 baada ya Nabii Isa, yaani karne kadhaa kabla ya Uislamu kudhihiri. Na katika bahari ya Hindi vyombo vya kale vilitumia tanga la mraba. Mtepe wa Lamu na visiwa vyake, ulioshonwa kwa kamba, ulibaki na tanga la mraba la mkeka mpaka ulipotoweka katika karne ya 20. Lililo sahihi kusemwa ni kwamba mabaharia wa Kiislamu walilipokea tanga hili, wakalikuza, wakalisafirisha, wakalitumia kuliko wengine katika bahari mbili. Wataalamu wengi hata hulinasibisha jina la karavela, chombo cha Wareno cha karne ya 15, na qarib ya Waarabu. Karavela ndiyo iliyowawezesha Wareno kurudi kutoka pwani ya Guinea dhidi ya upepo wa kaskazini mashariki.

Tena watafiti wa miaka ya karibuni, waliolinganisha habari za safari za kale, wameona kwamba tanga la mraba likitengenezwa vizuri laweza kupanda upepo karibu sawa na lile la pembe tatu la zama hizo. Wala pembe tatu si bora katika kila jambo. Mwaka 1492 chombo kimoja cha Columbus chenye matanga ya pembe tatu kilibadilishwa katika visiwa vya Canary kikawekewa ya mraba, kwa kuwa mbele yake palikuwa na safari ndefu ya upepo wa tezi. Kila tanga lina siku yake.

Kilichozidi umbo la tanga ni nguo yake na mkazo wake. Ushahidi mkubwa ni wa tarehe 22 Agosti 1851, mashua ya Kimarekani iitwayo America ilipozishinda mashua za Kiingereza katika kukizunguka kisiwa cha Wight. Matanga ya Waingereza yalikuwa ya kitani, yamelegea na kufanya tumbo. Ya Wamarekani yalikuwa ya pamba iliyofumwa kwa mashine, yamekatwa na kukazwa yakawa bapa. Tanga lenye tumbo kubwa hufaa upepo wa tezi, lakini katika kubisha huvuta ubavuni kuliko mbele. Haukupita muda Waingereza nao wakabadili matanga yao. Hawakuona haya kujifunza kwa aliyewashinda.

HABARI YA MKUKU

Nusu ya pili ya elimu hii iko chini ya maji, na kwa sababu haionekani husahauliwa. Jahazi la pwani lina mkuku mrefu ulionyooka, na mwili wake hukatwa kwa chini. Hivyo hushika maji vizuri kuliko chombo chenye tumbo bapa. Mbao zilizopigiwa misumari hushikana katika taruma zake. Mtepe ulioshonwa ulikuwa mwepesi na wenye kunyumbuka, jambo lililoufaa kupwelewa mchangani, lakini ulipokazwa kubisha katika mawimbi mshono ulifanya kazi na maji yakaingia. Ngalawa ina njia yake: mtumbwi mwembamba wenye matengo mawili ubavuni, fani iliyoletwa upande huu wa bahari na watu wa asili moja na wale waliokaa Madagaska, waliotoka visiwa vya mashariki ya mbali. Matengo huizuia isipinduke, na wembamba wake huiwezesha kukata maji.

Waholanzi, ambao maji yao ni mafupi na hayakubali mkuku mrefu, walitundika ubao mkubwa kila ubavu wa chombo, wakaushusha ule wa demani wakati wa kubisha na kuupandisha wakati wa kuingia maji mafupi. Wachina nao walikuwa na mbao za namna hiyo tangu zamani. Mwaka 1774 ofisa wa jeshi la bahari la Kiingereza, John Schank, alijenga mashua huko Boston yenye ubao upitao katikati ya mkuku, wa kushushwa na kupandishwa. Kutoka hapo, hatua kwa hatua, fani hiyo ikazaa mikuku ya zama hizi, mifupi kwa urefu lakini mirefu kwa kwenda chini, yenye risasi nzito nchani. Wote hawa walikuwa wakitibu ugonjwa mmoja, ule wa kuserereka.

KAZI YA MABAHARIA

Chombo kikiwa na tanga jema na mkuku mwema, bado chataka watu. Katika kubisha, foromali husimamishwa zaidi na ncha yake ya mbele huvutwa chini hadi omo, au hadi kwenye dasturi, ule mti utokezao mbele, ili ukingo wa tanga uupokeao upepo ukazwe usitetemeke. Ukingo huo ukilegea, tanga hupiga kofi na chombo husimama. Demani, kamba ya pembe ya nyuma, huvutwa ndani, lakini si kupita kiasi. Maana nahodha mwenye pupa ya kuukaribia upepo mno hupunguza mwendo, na chombo kisicho na mwendo huserereka zaidi. Hii ni siri kubwa: aliye tayari kuelekeza omo chini kidogo, akapata mwendo, mara nyingi humpita yule anayeng'ang'ania kuukabili upepo.

Kugeuza ndiko kwenye gharama. Mashua ndogo huweza kugeuka kwa kupitisha omo katika upepo. Jahazi kubwa haliwezi kwa wepesi, kwa kuwa foromali ni ndefu kuliko chombo chenyewe pengine, nayo iko upande mmoja wa mlingoti. Kwa hiyo huzungushwa kwa tezi: chombo huelekezwa chini ya upepo, foromali husimamishwa wima na kupitishwa mbele ya mlingoti, mabaharia wakakimbia na demani mpaka upande wa pili, na kamba za kushikilia mlingoti zikahamishwa. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri katika majahazi ya Kuwait mwaka 1938 na 1939 hata Unguja na Rufiji, ameisimulia kazi hii na jinsi ilivyotaka watu wengi na nidhamu. Kila mzunguko hupoteza sehemu ya kile kilichopandwa. Basi nahodha wa jahazi huchagua mapigo marefu machache, na mwenye mashua huweza kuchagua mafupi mengi.

Kisha kuna mambo madogo ambayo jumla yake ni kubwa. Bamvua likifika, chombo hupwelezwa, kikakwanguliwa chaza na majani, kikapakwa deheni, yaani chokaa na mafuta, kwani mwili mchafu huua mwendo. Farumi hupangwa vizuri ngamani. Katika mashua za Lamu mifuko ya mchanga huhamishwa upande wa joshini kila zinapogeuka, na katika mashindano mabaharia hutoka nje ya chombo wakakaa juu ya ubao ulioelekezwa joshini, ili kwa uzito wao tanga lisilale. Tanga likisimama wima huvuta. Likilala humwaga upepo, na mkuku nao huacha kushika maji. Upepo ukiwa mdogo, humwagia tanga maji ili nyuzi zivimbe na vitundu vizibike. Hapana hata moja katika haya lililobuniwa na mtu mmoja mwenye jina.

KATIKA ZIWA

Waarabu na Waswahili walipofika Ujiji walichukua elimu hii pamoja nao, mbali na bahari. Mwaka 1858 Waingereza Burton na Speke walipokuwa Ujiji walisikia kwamba kuna jahazi ng'ambo, mali ya Sheikh Hamed bin Sulayyim, katika kisiwa cha Kasenge. Speke akavuka kwa mtumbwi kwenda kuliazima, akarudi bila ya kulipata. Kwa hiyo tanga la pwani lilikuwa juu ya ziwa hili kabla ya mwaka huo.

Lakini ziwa lilikuwa na masharti yake. Urefu wake ni kilomita 670 hivi na upana wake kwa wastani ni 50, limelala kaskazini na kusini kama mfereji kati ya milima. Katika kiangazi, tangu Mei mpaka Septemba, kusi huvuma kwa urefu wake kuelekea kaskazini. Aliyetoka Ujiji kuja upande wa Bujumbura alipata upepo wa tezi. Kurudi kulikuwa kubisha. Ni kilomita 170 hivi. Kwa chombo cha pande tano zawa 306, kwa cha pande sita zawa 444, na kikiserereka upande mmoja zaidi zawa zaidi ya 870. Tena haifai kungoja nusu mwaka kwa safari ya siku chache. Hivyo watu wa ziwa walitumia akili nyingine: walivuta makasia alfajiri maji yakiwa shwari, walifuata kando kwa umande, yaani upepo wa usiku utokao nchi kavu, na kusi ikishika nguvu mchana walijificha nyuma ya rasi. Kasia lilimaliza pale tanga lilipokomea. Aliyelionea haya kasia alilala njaa njiani.

Siku hizi mashine imechukua nafasi ya tanga katika sehemu kubwa ya ziwa na ya bahari, na vijana wengi hawajui tena joshi ni upande gani. Hasara yake yaonekana siku mafuta yanapokwisha katikati ya maji na upepo watoka nyumbani. Mwenye kujua kusimamisha hata tanga dogo na kushusha ubao ubavuni atafika. Asiyejua atapelekwa kama mahujaji wa Aidhab. Inafaa wazee waliobaki na elimu hii waulizwe majina ya kamba na namna ya kuzifunga, kabla hayajazikwa pamoja nao.

KHATIMA

Yaliyothibiti ni kwamba elimu ya kubisha haikutoka kwa taifa moja. Watu wa Bahari ya Rum, Waarabu, Wahindi, Waswahili, watu wa visiwa vya mashariki, Wachina, Waholanzi, Waingereza na Wamarekani, kila mmoja ametia mkono wake, na kila mmoja amechukua kwa mwenziwe. Waliosonga mbele walikuwa wale waliogeuka kutazama mkondo wa chombo chao, wakakiri kwamba kinashuka, wakatafuta kwa nini. Waliobaki nyuma ni wale waliotosheka kwa kuwa omo yao ilielekea pazuri.

Na jumuiya ya watu ni kama chombo. Inapokutana kuadhimisha miaka yake, huipendeza kutazama mbele na kutaja inakotaka kwenda. Ni vema pia itazame tezi, ipime imeserereka kiasi gani, ili taabu ya waliovuta kamba isipotee chini ya maji. Wabillahi tawfiki.